Maswali Yenu: VPN ya bure, boksi la TV linalokula bando, na polisi wanaowinda botneti

Toleo lililopita niligusia kidogo tu Operesheni Endgame, ile ambayo polisi wa nchi kadhaa za Ulaya pamoja na Wamarekani, Europol (shirika la polisi la Umoja wa Ulaya) wakiwa waratibu, kati ya tarehe 27 na 29 Mei 2024 walizima seva (kompyuta za kuhudumia mtandao) zaidi ya 100, wakachukua domeni (majina ya tovuti) zaidi ya 2,000 zilizokuwa zinasambaza virusi, na wakakamata watu wanne, mmoja Armenia na watatu Ukraine. Nilidhani ni habari ya kusoma na kupita, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki, meseji zimekuja mpaka nimeshindwa kuzijibu moja moja. Nyingi zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti: haya mambo ya huko mbali mimi yananihusu nini? Yanakuhusu sana, na ndo maana safari hii nimeipa mada hii ukurasa wote.

Kwa ambaye hakusoma lile toleo: botneti ni kundi la vifaa, iwe kompyuta, simu, ruta au kamera, vilivyoingiziwa programu hasidi bila wenyewe kujua, vimekaa tu vinasubiri amri ya mtu mmoja aliye mbali. Kifaa kimoja hakimsaidii kitu, vikifika laki tano tayari ana jeshi.

Habari za kazi. Mimi niko Kampala. Mwaka 2018 serikali ilipoweka ile kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, kila mtu hapa alikimbilia VPN, programu inayoficha unaingia mtandao gani, na mimi nikaweka moja ya bure kwenye laptopu, kodi ikaisha nikaisahau humo humo. Juzi binamu yangu ananiambia eti VPN za bure zimekamatwa na Wamarekani. Ni kweli? Na mimi nina kosa? (Msomaji, Kampala)

Ni kweli, ila si VPN zote za bure. Binamu yako amesikia habari ya 911 S5. Tarehe 24 Mei 2024, siku chache tu kabla ya hiyo Endgame, alikamatwa Singapore Mchina mmoja anaitwa YunHe Wang, miaka 35. Kwa mujibu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, huyu bwana alisambaza VPN za bure za kompyuta za Windows, majina yake ni MaskVPN, DewVPN, PaladinVPN, ProxyGate, ShieldVPN na ShineVPN, na mara nyingine zilikuja zimebebwa ndani ya programu na gemu za kraki ambazo watu wanapakua bila kulipia. VPN yenyewe ilikuwa inafanya kazi, mtu anaingia Facebook vizuri anafurahi, ila kwa mlango wa nyuma laptopu yake imegeuzwa njia ya kupitisha watu wengine, na hiyo njia ndo bidhaa iliyokuwa inauzwa.

Labda unajiuliza nani anunue intaneti ya laptopu yako ya Kampala. Anainunua mwizi. Benki ikiona kadi ya mtu wa Chicago inatumika kutoka nchi nyingine kabisa inashtuka inaizuia, lakini ikiona inatumika kutoka intaneti ya nyumba ya kawaida hapo hapo Chicago inaachia. Kwa hiyo mwizi anachohitaji ni anwani za IP, yani namba zinazotambulisha intaneti, za nyumba za watu, nyingi, za kila mji, na 911 S5 ilikuwa nazo milioni 19 kutoka karibu nchi 200. Wezi walipitia humo kudai pesa za msaada wa Covid za Wamarekani, na hasara iliyokadiriwa kwenye madai ya uongo ya watu waliojifanya hawana kazi peke yake ni dola bilioni 5.9. Wang mwenyewe anadaiwa kuingiza dola milioni 99, akanunua majumba mpaka Thailand na Dubai, Ferrari, Rolls-Royce, saa za bei mbaya. Hebu fikiria, hayo yote yamejengwa kwa bando la watu ambao wengi wao walikuwa wanatafuta tu namna ya kuwasiliana.

Kuhusu kosa, hapana, kama VPN yako ni mojawapo ya hizo wewe ni uliyeibiwa, na sijasikia mtu aliyeshtakiwa kwa sababu alipakua VPN. Lakini usikae ukatulia. Ni kama mtu kachukua shati lako lenye jina lako mgongoni akaenda nalo kuiba, kamera ya dukani imeliona shati, kwa hiyo wa kwanza kugongewa mlango ni wewe. Na kitu ambacho watu hawakielewi ni kwamba polisi walizima seva, hawakuja kwenye laptopu yako, programu bado iko pale pale ulipoiacha mwaka 2018.

Fanya hivi leo. Bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja, fungua Task Manager, angalia kama kuna kitu kinaitwa mask_svc.exe au dew_svc.exe kinazunguka. Ukikiona kizime hapo hapo, alafu nenda kwenye orodha ya programu uitoe VPN yenyewe, angalia pia na folda yake kwenye Program Files imeondoka, ukimaliza piga skani ya antivirusi nzima siyo ile ya haraka. Kama laptopu ndo unayotumia kwa mambo ya benki, mi ningepiga Windows upya kabisa na kubadilisha paswedi zote. Na safari nyingine ukihitaji VPN jiulize kwanza, seva zinataka umeme na intaneti kila mwezi, huyu asiyenitoza hata senti anazilipia na nini?

Mkuu mi ni fundi, nina kijiduka Kariakoo, nauza na kutengeneza yale maboksi ya TV ya Android. Mteja kaniletea lake analalamika waifai yake inakwisha bando, GB 30 zimeondoka siku nne wakati kaangalia mpira mara moja tu. Nimelirudisha kwenye hali ya kiwandani mara mbili, bado. Ni virusi au mteja ananizingua? (Fundi, Kariakoo)

Fundi, mteja hakuzingui, na nakupongeza umeuliza badala ya kumpiga kalenda. Umerudisha hali ya kiwandani mara mbili tatizo likabaki, basi kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo limetoka nalo kiwandani, yani ile hali unayoirudisha ndo yenyewe imeoza.

Kuna kitu kinaitwa BADBOX. Ni programu hasidi inayowekwa ndani ya kifaa kabla hakijafungwa kwenye boksi la kuuzia, iwe kiwandani au njiani, mnunuzi anafungua plastiki mpya kabisa kumbe kifaa kimeshasajiliwa jeshini. Kinafanya kazi ileile niliyomweleza msomaji wa Kampala, kinapitisha wezi kwa intaneti yako, na juu yake kinabofya matangazo usiku kucha kama vile kuna mtu anayatazama, mwenye botneti analipwa kwa kila bofyo. Hapo ndo GB 30 zinapokwenda.

Desemba 2024 Wajerumani, kupitia idara yao ya usalama wa mitandao inayoitwa BSI, walitangaza wamekata mawasiliano ya vifaa vya namna hii mpaka 30,000 vilivyokuwa kwenye nyumba za watu nchini kwao, fremu za picha za kidijitali na maboksi kama hayo ya kwako. Njia waliyotumia inafaa uielewe maana ndo silaha kuu kwenye operesheni nyingi za aina hii. Kifaa kilichotekwa kila baada ya muda kinampigia bosi wake, kinauliza, nifanye nini? Basi serikali ikaagiza kampuni kubwa za intaneti zihamishe hiyo simu, kifaa kikipiga kwa bosi kinapokelewa na kompyuta ya serikali, na kompyuta ya serikali haitoi amri yoyote, inaandika tu kwamba kifaa fulani kutoka intaneti ya mteja fulani kimepiga. Alafu kampuni inamwandikia mteja barua. Ona hapo, jeshi halijafa, limeachwa linapiga simu isiyojibiwa.

Lakini Wajerumani wamekata kwao tu. Mwaka uliofuata likaonekana toleo jipya, BADBOX 2.0, FBI wakatoa tahadhari Juni 2025, na Julai Google wakafungua kesi New York wakisema vifaa vilivyotekwa vimepita milioni 10. Boksi lililoko Kariakoo halijaguswa na amri ya Berlin wala ya Bonn, na hii ndo hoja yangu ya siku zote, nchi moja ikifagia uwanja wake mwenyewe takataka zinahamia kwa jirani.

Sasa mzigo wako. Chukua boksi la mteja, liunge na waifai ya dukani, usifungue chochote, liache kwenye skrini ya mwanzo usiku mzima, asubuhi ingia kwenye ruta uangalie lenyewe limetumia kiasi gani. Kifaa kilichokaa bure hakitakiwi kutumia data ya maana, sana sana masasisho kidogo. Ukikuta limekula mamia ya MB, na hasa ukiona limetuma nje kuliko lilivyopokea, jibu unalo. Dalili nyingine ni boksi lisilo na jina la kampuni inayojulikana, linalotangazwa linafungua chaneli zote bure, na wakati wa kuliwasha mara ya kwanza linakwambia uzime Play Protect, ile kinga ya Google inayokagua programu. Hilo la mwisho mi nikiliona sihitaji ushahidi mwingine.

Kuliflashi, yani kulipiga programu endeshi upya, inawezekana kama unapata programu endeshi safi kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na kwa haya yasiyo na jina mtengenezaji humpati, unaishia kupakua faili kutoka kwa mtu usiyemjua, unatoa nyoka unaingiza nyoka. Kwa hiyo lichomoe kwenye intaneti. Mteja akitaka alitumie na flashi ya USB kuangalia muvi zake hakuna shida, ila waifai usimpe tena. Najua dukani una katoni nzima na pesa yako imelala mle, inauma, lakini usimuuzie mwingine. Mnunuzi wa kesho anaenda kuliunga na waifai ileile anayotumia mke wake kutuma pesa.

Shikamoo. Nasoma sheria Dodoma, mwaka wa tatu. Naomba kuuliza, kama polisi wa dunia nzima wanashirikiana hivyo, mbona wakubwa wa haya makundi hawafungwi? Kuna sheria gani ya kimataifa inayotumika? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba mwanangu. Wengine wanafungwa, wengine hawafungwi, na tofauti mara nyingi ni pale mtu anapoishi.

Chukua Evgeniy Bogachev, Mrusi. Marekani inamtuhumu kuongoza GameOver Zeus, botneti iliyokuwa na kompyuta kati ya laki tano na milioni moja, iliyoiba zaidi ya dola milioni 100 kwenye akaunti za benki na kusambaza CryptoLocker, ile inayofunga mafaili yako alafu inadai pesa. Juni 2014 nchi zaidi ya kumi na kampuni binafsi waliungana kwenye Operesheni Tovar wakaibomoa. Botneti ikafa, jina lake likatangazwa, picha zake zikabandikwa, 2015 FBI wakaweka zawadi ya dola milioni 3. Miaka imepita. Inaaminika yuko Urusi, na katiba ya Urusi hairuhusu raia wake kukabidhiwa nchi nyingine, basi.

Alafu linganisha na Emotet. Ilianza 2014 kama virusi vya kuiba paswedi za benki, ikakua mpaka ikawa kama dalali, inavunja mlango wa kompyuta alafu inauza funguo kwa makundi mengine. Januari 2021 nchi nane, Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa, Lithuania, Uingereza, Marekani, Kanada na Ukraine, zilivamia kwa pamoja. Seva mbili kati ya tatu kuu zilikuwa Uholanzi. Polisi wa Ukraine walitoa video wakiingia kwenye nyumba, meza imejaa kompyuta kuukuu na nyaya, vumbi kila mahali, alafu wanafungua droo wanatoa mabunda ya noti na vipande vya dhahabu. Mi ile video niliirudia mara mbili kwa sababu ya lile vumbi, mahali palipoitesa dunia panafanana na banda la fundi redio. Lakini nakwambia na hili pia, Novemba mwaka huo huo Emotet ikarudi, maana kukamata seva na baadhi ya watu si kukamata wote.

Kwenye sheria, mkongwe ni Mkataba wa Budapest, ulifunguliwa kusainiwa Novemba 2001 ukaanza kazi 2004. Uzuri wake mkubwa, na hapa nakuomba uangalie kwa jicho la sheria, ni kifungu cha 35 kinachotaka kila nchi mwanachama iwe na mtu wa kupokea simu saa 24 siku zote 7. Linaonekana jambo dogo. Kumbukumbu za seva zinafutwa ndani ya siku chache, na maombi rasmi ya ushahidi kupitia wizara za sheria yanaweza kuchukua miezi, kwa hiyo kama hakuna wa kumpigia usiku wa manane na kumwambia tafadhali zuia hiyo seva isifutwe wakati karatasi zinakuja, kesi imekufa kabla haijazaliwa. Sisi Afrika tuna Mkataba wa Malabo uliopitishwa Juni 2014, ulisubiri nchi 15 ziuridhie, ya 15 ikawa Mauritania na mkataba ukaanza kutumika tarehe 8 Juni 2023. Miaka tisa! Wahalifu wametengeneza na kuzika botneti ngapi ndani ya miaka tisa. Na sasa upo wa Umoja wa Mataifa, umepitishwa na Baraza Kuu Desemba 2024, ukafunguliwa kusainiwa Hanoi Oktoba 2025, utahitaji nchi 40 kuuridhia. Watetezi wa haki za binadamu wana wasiwasi nao kwamba serikali zitautumia kuwinda wakosoaji kwa kisingizio cha uhalifu wa mitandao, na wasiwasi huo mi naona una msingi, usiupite haraka ukiandika tasnifu yako.

Nimesoma kwamba polisi waliingia kwenye kompyuta za watu wakafuta virusi bila kuwaomba ruhusa. Hiyo si sawa na kuhackiwa? (Msomaji, Arusha)

Ilitokea kweli. Kwa Emotet, Wajerumani walitumia njia za hao hao wahalifu kusukuma faili kwenye kompyuta zilizoathirika, na tarehe 25 Aprili 2021 faili hilo likaing'oa Emotet yenyewe. Agosti 2023 FBI wakafanya kitu cha namna hiyo kwa Qakbot, botneti nyingine, iliyokuwa kwenye kompyuta zaidi ya 700,000, zikiwemo zaidi ya 200,000 za Marekani. Walikuwa na kibali cha mahakama ya kwao, lakini kompyuta nyingi hazikuwa kwao.

Mi sipendi, ila naelewa. Nyumba ya jirani inawaka na mwenyewe kasafiri, unavunja mlango unazima, lakini akirudi unamwambia nimevunja mlango wako na sababu ni hii, hunyamazi. Hapo kwenye kuambiwa ndo kuna upungufu. Waholanzi walijitahidi kuweka tovuti ya kuangalia kama barua pepe yako imo kwenye data ya Emotet, na FBI wakawapa Have I Been Pwned, tovuti ya kuangalia kama taarifa zako zimevuja, anwani za barua pepe zaidi ya milioni 4. Ingia Have I Been Pwned uandike yako kwenye sehemu ya kuarifiwa na uithibitishe, ni bure, maana data ya Emotet haionekani kwa kutafuta tu hadharani. Na kumbuka walichofuta ni kile kirusi kimoja, chochote kilicholetwa nacho bado kimo.

Mbona kwenye habari hizi Afrika tunatajwa kama wezi tu wa meseji za "tuma kwa namba hii"? Kwenye ulinzi hatumo? (Msomaji, Mombasa)

Tumo, na kwa upande wa Kenya tumo tangu zamani kuliko unavyofikiri. Mwishoni mwa 2008 kilitokea kirusi kinaitwa Conficker, kikaingia mamilioni ya kompyuta za Windows. Ujanja wake ulikuwa kwenye majina: kila siku kilitunga majina ya domeni na kujaribu kumpata bosi wake kwenye mojawapo, kwa hiyo ukitaka kumzuia bosi lazima uyawahi majina yote kabla yake. Mwanzo yalikuwa 250 kwa siku, watu wa usalama wakawa wanayakamata. Bosi akaona, akatoa toleo lililoanzia tarehe 1 Aprili 2009 kutunga majina 50,000 kwa siku, yakiwa yametawanywa kwenye domeni za nchi zaidi ya 100, akijua hakuna wa kuwaunganisha watu wote hao.

Ndani ya orodha hiyo ilikuwemo co.ke. Ilikuwemo co.ug. Ilikuwemo na .cd ya Kongo. Yani nchi moja tu ikilala bosi anasajili jina lake huko na jeshi linaanza kuamka. Wataalamu wa kampuni mbalimbali, Microsoft wakiwemo, pamoja na ICANN inayosimamia majina ya intaneti, walikuwa wameunda kikundi kazi tangu Februari, wakaanza kuwatafuta wasimamizi wa domeni nchi baada ya nchi, wengine hata hawakuwahi kusikia neno botneti, kuwaomba wafunge majina kabla ya siku yake. Na tarehe 1 Aprili ikapita kimya. Mi kwangu huo ndo mfano mzuri kuliko operesheni zote za kuvunja milango, kwa sababu siku hiyo msajili wa nchi ndogo alikuwa na uzito sawasawa na wa Ujerumani.

Za karibuni zipo pia. Kati ya Julai na Novemba 2022 Interpol waliendesha Africa Cyber Surge, nchi 27, kituo cha kuratibu kikiwa Kigali. Septemba na Oktoba 2024 ikaja Operesheni Serengeti, nchi 19 zikiwemo Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo, waliokamatwa 1,006, na mitandao na miundombinu hasidi 134,089 ikabainika. Mwaka uliofuata Serengeti ya pili ikakamata 1,209. Na kila siku bila kamera wala waandishi wa habari, taasisi isiyo ya faida inaitwa Shadowserver inatuma bure taarifa za vifaa vilivyotekwa kwa vituo vya kitaifa vya usalama wa mtandao duniani. Pale taarifa inapotakiwa kutoka kituoni kwenda kwa kampuni ya simu, na kutoka kwa kampuni ya simu kumfikia mama mwenye stesheneri Likoni, ndo mnyororo unakatika. Wewe umewahi kupokea meseji ya kampuni yako ya intaneti ikikwambia kifaa chako kimetekwa? Mi sijawahi, matangazo ya bando napata manne kwa siku.

Assalamu alaykum. Mimi niko Muscat, mama yangu yuko Unguja anaishi na mjukuu. Nimemfungia kamera tatu na ruta ili nimuone kila siku nikitoka kazini. Nimeshtuka kusoma kwamba kamera nazo zinatekwa. Nizing'oe? (Mtoto wa Unguja, Muscat)

Waalaykumu salaam. Usizing'oe, ila kuna kazi ya nusu saa ya kufanya, na nakueleza sababu.

Mwaka 2016 vijana watatu wa Kimarekani walitengeneza Mirai, programu iliyokuwa inazunguka intaneti nzima ikigonga milango ya kamera na ruta na kujaribu paswedi za kiwandani, kama sitini hivi tu: admin na admin, root na 123456, root na xc3511. Hizo sitini zilitosha kuteka malaki ya vifaa, kwa sababu mafundi wanafunga kamera wanaondoka na mwenye nyumba hajui kama kuna paswedi ya kubadilisha. Mwisho wa Septemba wakaimwaga hadharani kila mtu aichukue, na tarehe 21 Oktoba jeshi la Mirai likaishambulia Dyn, kampuni inayoelekeza watu kwenye tovuti wanazoziandika majina, sehemu kubwa ya mitandao maarufu ikawa haifunguki Marekani.

Kilichofuata ndo kinatuhusu. Mwingereza Daniel Kaye, akiishi Cyprus, alilipwa na mtu wa kampuni pinzani kuishambulia kampuni ya simu ya Lonestar ya Liberia, akaunda botneti yake ya Mirai kwa kamera za watu. Novemba 2016 intaneti ya Lonestar ikalemewa. Alipojaribu kulikuza jeshi akaziangusha na ruta za Deutsche Telekom, karibu wateja 900,000 Ujerumani wakakosa huduma. Februari 2017 akakamatwa uwanja wa ndege wa Luton, akapelekwa Ujerumani akahukumiwa huko kifungo cha nje, akarudishwa Uingereza, na Januari 2019 akafungwa miezi 32. Mashambulizi Liberia, mshambuliaji Cyprus, waathirika Ujerumani, kesi nchi mbili, na risasi zake ni kamera zilizofungwa kwenye kuta za watu kama mama yako, ambao hawakujua kitu. Wale vijana watatu nao walikiri, wakapewa muda wa uangalizi na kazi za kijamii, wakawa wanaisaidia FBI.

Kwa hiyo mpigie simu huyo mjukuu, siyo mama, usimtie hofu. Mwambie azime kamera na ruta azichomoe kwenye umeme dakika moja, maana Mirai inakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, kifaa kikizimika inafutika, ila paswedi isipobadilika itarudi baada ya dakika chache tu. Zikiwaka abadilishe paswedi ya ruta kwanza, alafu ya kila kamera, ndefu, zisifanane, aziandike kwenye daftari la mama la hesabu za nyumba liwekwe kabatini, hakuna mhalifu wa mtandaoni atakayefika kwenye hilo daftari. Kwenye ruta azime UPnP, hiyo ndo inaifungulia kamera mlango wa nje bila kukuuliza. Asasishe programu ya kamera kama kampuni bado inatoa masasisho, kama imeacha panga kuzibadilisha polepole, moja moja.

Na samahani kwa kuingia ndani, hukusema ziko wapi. Kama kuna moja sebuleni inapomwangalia mama akipumzika, au mbaya zaidi chumbani, mwambie mjukuu aigeuze iangalie mlango wa nje. Utamwona akitoka barazani jioni, na akiwa ndani mpigie.